Ng'ombe wa Kwenye Mibuni

Siku hizi mibuni imebaki michache kijijini kwetu. Wengi wameing'oa wakapanda tangawizi, na siwalaumu, maana tangawizi ina mnunuzi. Mimi ya kwangu nimeiacha kwa sababu marehemu mume wangu amelala katikati yake, na kwa sababu mimi ni mbishi, kama mawifi zangu walivyosema tangu siku nilipoolewa. Lakini zamani, nilipokuwa mtoto, ukisimama huku juu kwenye ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, ukatazama chini, hukuona paa la nyumba hata moja. Uliona migomba na kahawa, na moshi ukitoka katikati yake kama unatoka ardhini. Ndani ya kahawa hiyo ndimo tulimofuga ng'ombe wetu.

Nasema ng'ombe. Walikuwa buibui.

Asiyewajua nimweleze. Ni buibui mdogo, mkubwa wake ni kama punje ya kahawa, mgongo wake mgumu kama ganda la kobe, na pembeni ametokeza pembe. Wengine pembe zao fupi kama miiba, wengine ndefu zimepinda. Anasuka utando wa duara kama ungo kati ya mbuni na mbuni, halafu kwenye nyuzi za pembeni anabandika vinundu vyeupe kama pamba. Asubuhi umande ukishika unaona shamba zima limetundikwa nyungo, na katikati ya kila ungo amekaa mwenyewe na pembe zake, hana habari na mtu.

Kila mtoto alikuwa na mbuni wake, na mbuni huo ndio zizi. Buibui aliyesuka hapo ni ng'ombe wako. Hukumshika kwa mkono. Ulimhamisha kwa jani, taratibu, maana ukimvunja mguu ng'ombe wa mwenzio unalipa wako. Tuliwagawa kwa rangi kama baba zetu walivyogawa ng'ombe wao wa kweli: mwekundu, mweupe wa mabaka, wa njano, mweusi. Mwekundu hukumweka karibu na wa njano. Tuliamini hizo ni koo mbili zisizopatana, na tulibishana juu ya koo hizo kuliko tulivyobishana juu ya chakula. Mama yangu alikuwa akiniona natoka shambani nywele zimejaa tando ananiuliza, "Umetoka machungani?" Kisha ananichapa, kwa sababu nilitumwa kuni na sikuleta.

Mwenye pembe ndefu hakukaa kwetu chini. Alikaa ukingoni mwa msitu, kupita ndiva, ambako mtoto hakuruhusiwa kwenda peke yake. Ukiwa naye mmoja, wewe ni tajiri. Tulipocheza harusi, kaka yangu alikuwa ndiye baba yangu, na alikuwa baba mgumu. Alikataa wekundu, akakataa wa mabaka. Alisema dada yake haolewi kwa pembe fupi. Kijana mmoja wa ng'ambo ya mfereji, aliyenizidi umri kidogo, akaondoka bila kusema kitu. Alirudi jioni miguu imechanwa na miiba, jani la mgomba amelikunja mkononi kama anabeba maji. Ndani yake alikuwamo ng'ombe wa pembe ndefu, zimepinda hivi, zimekaribia kukutana kama miundu miwili. Tulimweka kwenye mbuni wetu, akasuka, akakaa hapo mpaka msimu wa kuchuma, mama alipompitia na kikapu bila kujua amepitia mahari.

Kijana huyo ndiye aliyekuja kunioa kweli, baadaye sana. Safari hiyo alileta mbuzi na mitungi ya dengelua, pombe yetu ya miwa, ambayo mchungaji wa kanisa alijifanya hakuiona. Lakini hadi uzee wake alipenda kuwaambia wajukuu, "Huyu bibi yenu nilimwoa kwa buibui. Mbuzi walikuwa nyongeza tu." Mjukuu mmoja wa kike alikuwa akimng'ang'ania amwambie tena. Babu na pembe alikuwa akizionyesha kwa vidole.

Mjukuu huyo ndiye aliyenipigia simu mwaka jana, masika yalipokuwa yanaisha. Yuko chuo kikuu. Mimi naye tunaitana mke mwenza, maana babu yake alikuwa akimwita mke wangu, kama desturi ilivyo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekula?"

"Nimekula. Bibi, Jumamosi nakuja na mwalimu wangu. Tunakuja kuangalia buibui."

"Buibui wa wapi?"

"Wa hapo kwako. Wa kwenye ua, wa kwenye kahawa, wa darini, wote."

"Haya. Njooni tu, msiwe na wasiwasi," nikamwambia, na mtandao ukakatika kama kawaida yake huku juu.

Sasa nisikilizwe vizuri, maana nimechekwa sana kwa jambo hili. Mimi nimekua wakati wa bwana afya. Bwana afya akija kuangalia choo, choo kinafagiliwa mpaka kinang'aa. Akija kuangalia kichanja cha vyombo, vyombo vinasuguliwa kwa majivu. Bwana shamba akija kuangalia kahawa, magugu yanang'olewa siku moja kabla yake. Sijawahi kuona mtu aliyesoma akaja kuangalia kitu kwangu akafurahi kukikuta kingi. Kwamba mjukuu wangu anasomea buibui nilikuwa najua. Nilidhani anawasomea kama daktari anavyosomea malaria.

Basi nikamwita wifi yangu, dada wa marehemu, nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji. Huyu tumegombana tangu ujana na hatuwezi kukaa siku nzima bila kuonana.

"Jumamosi wanakuja kukagua buibui," nikamwambia.

"Nani kakwambia buibui wanakaguliwa?"

"Mjukuu wako. Anakuja na mwalimu wake wa chuo."

Wifi akafikiri. "Basi nchi imeendelea," akasema, akaenda kuwaita wengine.

Kwetu kazi ya pamoja ni msaragambo. Likilia baragumu watu wanatoka na majembe, wanazibua mfereji au wanatengeneza barabara, na asiyetoka anatozwa. Wanawake hatukuhitaji baragumu. Sauti ya wifi inatosha. Ijumaa asubuhi walikuja na miundu na mafyekeo, tukafunga mafagio kwenye fito ndefu, tukaingia kazini. Tulifagia dari, tukafagia mapaa kwa nje, tukafagia uvunguni mwa vitanda. Tukapunguza ua wa masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani, kwangu, tukapunguza na kwa wifi, kwa kuwa wageni watapita hapo wakivuka mfereji. Tukapunguza kichaka cha njia ya kanisani. Mibuni tuliikata matawi ya chini yaliyogusana, hata ile inayozunguka kaburi, na hapo nilikata mwenyewe. Matawi yote tuliyabwaga rundo moja nyuma ya banda langu la mbuzi. Yalikuwa mabichi, hayakuweza kuchomwa, na mbuzi wangekula kidogo kidogo.

Jioni tulikaa tukatazama. Boma lilikuwa safi kama siku ya msiba wa mtu mkubwa.

"Akipatikana buibui mmoja," wifi akasema, "huyo amekuja na gari lao."

Walifika mchana. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mpole, viatu vya kutembea milimani, akanipa shikamoo yake vizuri na mikono miwili. Mjukuu wangu alinikumbatia, kisha akaanza kuzunguka uwanja na kichupa mkononi. Nikamwona anatazama chini ya paa. Anatazama ua. Akaingia kwenye kahawa, akatoka.

"Bibi, wako wapi?"

"Akina nani?"

"Buibui."

"Tumewaondoa," nikasema, nami kifua mbele. "Wote. Kagueni mnapotaka, hata uvunguni."

Mwalimu akageuka haraka akatazama migomba. Niliona mabega yake yanatikisika. Mjukuu wangu hakucheka. Alikaa kwenye kizingiti cha jiko kama mtu aliyeambiwa habari za kifo, na kichupa chake kitupu akakiweka chini.

"Bibi," akasema, "mimi nimekuja kumtafuta ng'ombe wa babu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikaweka chai. Kwenye chai ndipo waliponieleza shauri lote.

Hawa buibui wa pembe ni ukoo mmoja, mkubwa, umeenea nchi nyingi za joto. Ndani ya ukoo mna nyumba nyingi, na kazi ya mjukuu wangu ilikuwa kujua nyumba ipi inakaa mlima upi. Alifungua kompyuta yake ya kukunja akanionyesha milima yetu imechorwa, na juu yake vidoti. Wenye pembe ndefu walikuwa na vidoti Usambara. Walikuwa na vidoti huko kaskazini, Ugweno, kupita Mwanga. Kwetu, milima hii ya juu ya Same, palikuwa peupe. Wenzake waliopita walisema hawakumwona. Yeye alisema yupo, babu yake alimbeba mwenyewe. Na mwalimu alimwambia, kwa upole lakini alimwambia, kwamba hadithi ya babu haiingii kwenye kichupa. Inatakiwa jike mzima, aliyekomaa, kutoka hapa hapa. Safari hii ndiyo ya mwisho ya huku. Asipopatikana kabla gari halijashuka kesho, milima yetu itabaki peupe kwenye karatasi, na mtoto atapelekwa Usambara kumalizia kazi yake.

"Na huko Usambara una nani?" nikamuuliza.

"Sina mtu, bibi."

Nikavitazama tena vile vidoti. Kila kimoja kilikuwa cheusi kama mbegu ya mchicha, na kidoti kimoja kama hicho cha kwetu ndicho kilichokuwa kinamleta mtoto nyumbani.

"Lakini tulikuwa na wengi," nikasema. "Wekundu, wa njano, wa mabaka. Hizo zote si nyumba mbalimbali?"

"Rangi zinadanganya," mwalimu akasema. "Mwekundu na wa njano wanaweza kuwa watoto wa mama mmoja. Hata wataalamu wa zamani walikosea hapo. Buibui mmoja walimpa majina chungu nzima kwa sababu ya rangi."

"Sasa mnawatofautishaje?"

"Pembe zinasaidia, siyo peke yake. Tunamgeuza tunamwangalia tumboni chini, kwenye viungo vya uzazi, kwa hadubini."

Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni anajifanya amekuja kuomba chumvi. "Mnawaangalia huko?" akasema. "Hata buibui hana siri siku hizi."

Mimi nilikuwa nafikiri jingine. Nilifikiri vita vyetu vyote vya utotoni, mwekundu asikae na wa njano, na kumbe walikuwa ndugu. Na watu tuliojidai kuyajua hayo tumetoka koo ambazo nyumba moja inazaa maji ya kunde na mweusi tii, na hakuna anayeuliza. Tulikuwa tunayaona mezani kila siku, hatukuyapeleka kwenye mibuni.

"Na dume lake pembe zake zikoje?" wifi akauliza.

"Dume halina pembe za maana, bibi," mjukuu akamjibu. "Na ni dogo sana, kama punje ya mtama. Linakaa pembeni ya utando wa jike linasubiri."

"Loo," wifi akasema. "Hao wamejipanga."

Hapo mtoto akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

Alasiri tulipanda kwenye ndiva, mimi, mjukuu na mwalimu. Nilishika fimbo. Nilitaka niwapeleke mwenyewe mahali ambapo yule kijana alipanda akarudi na jani. Njiani walipata wenye pembe fupi, mmoja hapa mmoja pale, kandokando ya mfereji ambako miundu yetu haikufika. Waliwatazama, wakawapiga picha, wakawaacha. Mjukuu wangu alinionyesha vitoto vimejazana kwenye kichaka, vidogo kuliko chembe ya ugoro. Akasema vikikua kidogo vinapanda kwenye ncha ya jani, vinatoa uzi, upepo unavibeba. Vingine vinafika mlima mwingine. Vingi vinaanguka huko chini tambarare kwenye jua la Same, vinakauka.

"Mama yao anajua vimekwenda wapi?" nikauliza.

"Mama yao anakuwa ameshakufa, bibi."

Nina watoto Same, nina mmoja Mwanga, kando ya barabara kuu, nina wengine Dar es Salaam. Nikamwambia atangulie, mimi napumzisha goti.

Tulipofika juu sikupatambua. Nilikuwa nimekaa miaka mingi bila kupita ndiva, maana maji siku hizi yanakuja kwa bomba na kazi ya ndiva ni ya vijana. Ule ukingo wa msitu, wenye giza na baraka ya maji, umerudi nyuma mbali. Mahali pake wamepanda mikaratusi, mistari iliyonyooka kama watoto wa shule. Chini yake ni majani makavu matupu. Sikusikia ndege. Mtoto alizunguka na fimbo yake nyembamba, akatazama kati ya shina na shina, akarudi akazunguka tena. Mwalimu hakumharakisha. Mimi nilikaa kwenye ukuta wa ndiva nikatazama maji. Kingo za ndiva nazo zilikuwa zimefyekwa, msaragambo wa wanaume ulipita hapo siku chache nyuma. Kazi nzuri, hakuna hata jani ndani ya maji. Zamani ningesifu.

Hapo kwenye ukuta ndipo tulipokuwa tukisubiri zamu ya maji, wanawake na mitungi, alfajiri, na tando zimening'inia juu ya mfereji wote kuanzia ndiva mpaka kanisani. Wa kwanza kupita alizipasua kwa uso wake. Ukiona mwenzio ana uzi kwenye nyusi unajua ndiye aliyeamka mapema, na hakuna aliyemtania siku hiyo. Mtu akijikata na jembe, bibi yangu alikuwa anakusanya utando safi anaubandika kwenye kidonda, na damu ilikuwa inakata. Sikuwa nimeyakumbuka mambo haya kwa muda mrefu. Hata Ijumaa sikuyakumbuka, nilikuwa na fagio mkononi.

Tulishuka bila kitu. Mjukuu wangu hakunilaumu. Angenilaumu ingekuwa afadhali. Usiku alikula ugali wake, akaosha vyombo, akaniuliza kama dawa ya presha nimemeza, akaenda kulala. Mwalimu akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, kutokumpata si kusema hayupo. Ataandika hivyo."

"Lakini panabaki peupe," nikasema.

"Panabaki peupe."

Asubuhi ilikuwa ya ukungu. Dereva ameshapasha gari moto. Mbuzi walikuwa wanapiga kelele, nikazunguka nyuma ya banda niwavutie matawi. Mtoto akanifuata na kikombe chake cha chai, anataka kuniaga bila watu. Nikashika tawi la kahawa nivute.

"Bibi, simama hapo hapo."

Nilisimama. Sijaambiwa simama na mtoto tangu nizaliwe, lakini nilisimama.

"Usivute. Achia polepole."

Nikaachia. Ndipo nikaona. Rundo lote lilikuwa limetundikwa nyungo. Kila palipokuwa na nafasi kati ya tawi na tawi, kati ya sale na sale, walikuwa wamesuka upya, na umande umeshika kila uzi. Wale tuliowafagia hawakuwa wamekwenda popote. Tuliwabeba na nyumba zao, tukawabwaga hapo, nao wakaanza kazi. Mtoto akaweka kikombe chini kwenye kinyesi cha mbuzi bila kutazama, akainama, akaanza kuzunguka rundo kwa magoti. Wekundu. Wa njano. Wa mabaka. Pembe fupi, pembe fupi.

Kisha akaacha kuzunguka.

Buibui mmoja alikuwa upande wa juu, kati ya tawi la kahawa na masale mawili. Pembe zimepinda hivi, zimekaribia kukutana. Alikuwa mweusi na mstari wa manjano. Mimi nilikuwa namkumbuka mwekundu, lakini nimeshaambiwa rangi inadanganya, na huenda hata kumbukumbu.

Mtoto alimwita mwalimu. Mwalimu akaja na lenzi, akatazama sana, akamgeuza na brashi ndogo, akatazama tena. "Jike," akasema. "Amekomaa." Akamshika mjukuu wangu bega, akalitikisa.

Kelele zile zilimleta wifi, na nyuma yake nusu ya wale wa Ijumaa. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, maana mwalimu aliuliza swali dogo.

"Haya matawi yalitoka wapi? Tunatakiwa kuandika alikuwa kwenye mti gani, mahali gani."

"Kwangu," wifi akasema hapo hapo. "Yale masale ni ya kwangu. Yanaonekana, ni manene."

"Manene yako wapi?" akasema mama mmoja wa karibu na kanisa. "Haya ni ya njia ya kanisani. Niliyakata mimi, malengelenge haya hapa."

"Wewe uliota jua tu siku ile."

"Kama mimi nilikuwa naota, nani alibeba?" yule mama akamjibu.

"Huyo ng'ombe ni wangu," wifi akamwambia mwalimu, kidole juu. "Andika. Kaka yangu alimtoa upande wetu wa mfereji tangu zamani, mwulize huyu."

Wakanitazama wote. Mwalimu naye akanitazama, na kalamu yake tayari.

"Mama, wewe ndiye mwenye boma. Unakumbuka?"

Tawi la upande mmoja wa utando lilikuwa la kahawa. Kahawa tuliyokata ilikuwa yangu mimi peke yangu, na sehemu kubwa ilitoka kaburini. Ningesema neno moja tu. Wangeandika: kwenye mibuni, kaburini pa fulani. Mjukuu wangu alikuwa ananitazama, macho yake yamejaa, na nilijua anawaza ninalowaza. Hadithi ingekuwa imekamilika vizuri sana, kama alivyokuwa akiikamilisha babu yake.

Lakini utando ule ulikuwa wa usiku ule. Alitembea kwenye rundo akachagua mahali pazuri. Huenda alitoka kwenye sale la wifi, huenda kanisani, huenda alitoka kweli pale alipolala mtu wangu. Na nimemsikia mwalimu mwenyewe akisema hadithi haiingii kwenye kichupa.

"Sijui," nikasema. "Tulichanganya. Andikeni rundo."

Wifi akaguna. Mwalimu akaniangalia kidogo, kisha akainamisha kichwa kama mtu anayejibu shikamoo, akamwambia mjukuu wangu aandike. Mtoto akaandika jina la kijiji, akaandika: rundo la matawi yaliyokatwa, masale na kahawa, nyuma ya banda la mbuzi. Akanisomea. Nikamwambia ndivyo.

Akamtia kwenye kichupa chenye spiriti. Hilo sikulipenda, na nilimwambia. Akasema naye hapendi, lakini bila hivyo hakuna atakayeamini, na kwamba wengine wote wabaki. Nikamwuliza kama huyo alikuwa mmoja tu. Akasema kama yupo mmoja aliyekomaa, mama yake alikuwa hapa na ndugu zake wapo hapa, hawajulikani tu walipo. Kisha akafungua kompyuta juu ya boneti ya gari, ukungu ukiilowanisha, akaweka kidoti. Akanigeuzia nione. Kilikaa juu ya Same, peke yake, mahali pake.

"Sasa inabidi nirudi," akasema. "Mwalimu anasema lazima tujue wanaishi mti gani hasa. Masika yajayo."

"Safari hiyo sitafagia."

"Usifagie, mke mwenzangu."

Rundo lile lipo mpaka leo. Mbuzi nawakatia majani mengine mbali, na wanalalamika. Masale kama mnavyoyajua hayafi. Yamechipua pale pale yalipolala, sasa ni kichaka cha urefu wa kiuno, na asubuhi za umande kimejaa nyungo. Wenye pembe ndefu sijawaona tena, ila macho yangu si ya kutegemewa. Ua nimeuacha ujiotee. Mibuni ya kaburini nayo nimeiacha, na mchungaji amesema pameanza kuwa pori. Nikamwambia mwenye pori hajalalamika.

Wifi bado hajanisamehe. Kila asubuhi akivuka mfereji kuja kuomba kile anachojifanya amekuja kuomba, anapitia kwanza nyuma ya banda, anazunguka mikono mgongoni kama baba zetu walivyokuwa wakikagua mazizi. Kisha anakuja jikoni.

"Ng'ombe zangu hazijambo," ananiambia. "Ila marehemu wako anazichunga vibaya."

Namwekea chai.